Sikio la Bondeni

Bwawani
Ijumaa, tarehe 1 Machi

Baba,

Shikamoo. Sketi imefika pamoja na barua yako. Imenikaa vizuri kiunoni, ila umenitilia mifuko miwili ambayo sikuiomba. Nilikuambia kwenye simu, kabla simu yako haijaangukia kwenye ndoo, kwamba sitaki mifuko. Sasa wenzangu ofisini wananicheka, wanasema fundi wa kompyuta lazima awe na pa kuficha nyaya.

Hiyo simu bado haijatoka kwa fundi? Anaitengeneza au anaifuga? Hata hivyo huku juu mtandao unakuja na kuondoka utakavyo, kwa hiyo barua hazinisumbui. Dereva wa lori letu anasema yuko radhi kuzibeba kila akishuka, mradi umshonee suruali yake iliyochanika.

Nina shida, baba, na wewe ndiye wa kunisaidia. Ile seva niliyokusimulia, kompyuta kuu inayokaa peke yake kwenye chumba chenye baridi, ndiyo inayofungua milango ya bwawa. Ndiyo pia inayoamuru king'ora cha huko kwenu kilie nusu saa kabla maji hayajaachiwa. Ndani yake kuna betri ndogo bapa, inang'aa, ukubwa wa kifungo cha koti. Kazi yake ni moja tu: umeme ukikatika, iikumbushe mashine leo ni tarehe ngapi na saa ngapi. Betri hiyo imekufa. Kila umeme ukikatika, mashine inaamka ikidhani bado ni mwaka ule ilipotengenezwa, wakati mimi niko shule ya msingi nafungua redio yako na kushindwa kuifunga.

Ungecheka, ila si la kuchekesha. Kila amri inayoshuka kwenda kwenye king'ora hubeba tarehe na saa yake. King'ora kikiona tarehe ya zamani kinadhani amri imepitwa na wakati, kinaitupa. Huku juu skrini inaandika "imetumwa", nasi tunaridhika. Kama kililia au hakikulia, hatujui. Hapa hakisikiki, na yule mlinzi aliyekuwa anakaa nacho huko alistaafu, hakuwekwa mwingine.

Nikiwepo naisahihisha saa kwa mkono. Lakini Alhamisi, siku ya kukijaribu king'ora, huwa nimekwenda kusoma vipimo vya maji kule juu ya mto, sirudi mpaka alasiri. Mara mbili sasa nimerudi nikakuta mashine iko kwenye mwaka wake. Sijui umeme ulikatika kabla ya saa ya jaribio au baadaye.

Basi uwe sikio langu la huko bondeni. Alhamisi saa sita mchana simama uani, sikiliza. Kikilia, niandikie. Kisipolia, niandikie haraka zaidi, maana barua hiyo nitampelekea meneja aniruhusu kuizima mashine nibadilishe betri. Mvua ziko mlangoni.

Binti yako,
Bisibisi


Bondeni
Ijumaa, tarehe 8 Machi

Bisibisi mwanangu,

Marahaba. Mifuko ni zawadi. Ukiendelea kulalamika nitaongeza wa tatu.

Fundi wa simu ananizungusha, leo njoo kesho, kesho njoo keshokutwa. Na nikuambie ukweli, sijaikosa. Watu wa siku hizi hawasemi, wananong'ona. Mteja anaingia, anatafuna maneno kama karanga, nguo ikitoka vingine ananilaumu mimi. Juzi bibi harusi mtarajiwa alitaka mikono mirefu, nikamshonea mifupi. Alilia hapa mbele ya mama yake mpaka nikaona haya. Nikawaambia siku nyingine waje na mdomo wote, wasiache nusu nyumbani.

Suruali ya dereva nimeipokea. Haikuchanika, imekufa. Nitajaribu kuifufua.

Kinyozi anakusalimu. Kibanda chake kiko pale pale ukingoni mwa mto: viti viwili, kioo chenye ufa, na mdomo usiopumzika. Mkewe anamwambia ahamie juu, yeye anasema huku juu hakuna upepo. Anasema pia king'ora ndicho bosi wake. Kikilia siku isiyo Alhamisi, anakunja viti anapanda, hata kama mteja amenyolewa upande mmoja. Jioni tunacheza drafti. Ananiibia kete mchana kweupe.

Sasa kazi uliyonipa. Jana saa sita nilisimama uani kama askari wa gwaride. Kililia vizuri. Mashine yako ni nzima, lala usingizi.

Kula vizuri. Baridi ya huko isikutie mafua.

Baba yako


Bwawani
Jumanne, tarehe 12 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako imenifurahisha na imenikwamisha, vyote kwa pamoja.

Nilikwenda nayo kwa meneja. Nilimsomea kile kipande chako cha king'ora, kwa sababu nikificha linaloniumiza sitaaminiwa hata kwa linalonifaa. Kisha nikamwambia, "Lakini betri imekufa kweli. Nipe saa moja tu. Naizima, nafungua kifuniko, naitoa, naweka mpya, naiwasha."

"Na isipowaka?"

"Itawaka."

"Mimi nakuuliza, isipowaka? Njoo dirishani. Unayaona maji yalivyopanda? Nitafungua milango kwa meno?"

"Na king'ora kisipolia, meneja?"

"Baba yako si kaandika kinalia? Umenisomea mwenyewe hapa, sasa hivi."

Nikaiacha barua mezani kwake, nikatoka. Si mtu mbaya, baba. Mashine ile ni kuukuu, hajawahi kuiona imezimwa, na anaiogopa kama mgonjwa aliyelazwa ambaye hutaki hata kumgeuza ubavu. Na mimi sina ushahidi. Nina tarehe mbovu kwenye skrini, na nina neno lako kwamba kila kitu ni kizuri.

Betri mpya ninayo. Niliinunua kwa muuza saa nilipokuwa likizo, nimeihifadhi ndani ya pakiti ya vidonge. (Ndiyo, iko kwenye mfuko wa sketi. Furahi.)

Nisaidie tena Alhamisi hii. Sikiliza hasa. Usisikilize huku cherehani inazunguka, wala huku Kinyozi anakupigia hadithi. Kama kinachelewa hata kidogo, niambie.

Bisibisi


Bondeni
Ijumaa, tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Kililia. Saa sita. Kuku walishtuka wakamwaga maji yao.

Unaniuliza kama unamuuliza mtoto aliyetumwa dukani akarudi bila chenji. King'ora hicho nimekijua tangu siku walipokuja kukifunga, wewe ukiwa begani kwangu umeziba masikio. Kama kisingelia, ningekuambia.

Mvua imeanza huku. Kibanda cha Kinyozi kinavuja, kwa hiyo wateja wake wananyolewa na kuoshwa kwa bei ile ile.

Suruali imefufuka. Mwambie dereva asiiname sana.

Baba yako


Bwawani
Jumatano, tarehe 27 Machi

Baba,

Naandika haraka, dereva amewasha lori na hajui barabara itamfikisha wapi.

Jana mchana walifungua milango miwili. Mimi nilikuwa nimetumwa juu ya mto kusoma vipimo. Wakati wa chakula umeme ulikatika, jenereta ikaamka, na mashine nayo ikaamka kwenye mwaka wake. Hakuna aliyeitazama tarehe. Meneja aliamuru king'ora, akaona "imetumwa", akasubiri nusu saa kama taratibu zinavyotaka, akafungua. Niliporudi nikaona tarehe kwenye skrini. Nilikaa sakafuni.

Tunaambiwa maji yaliingia bondeni ghafla na kuna watu wamechukuliwa. Majina hatujapata. Meneja amekataza mtu yeyote kuondoka, maji bado yanapanda. Amekaa ofisini mlango wazi, chai imepoa mbele yake.

Kililia, baba? Ulikisikia? Kama ulikisikia ulipanda juu, najua ulipanda. Niandikie neno moja tu, "nipo". Nisipopata barua nitashuka kwa miguu, wanifukuze kazi wakitaka.

Bisibisi


Bondeni
Jumamosi, tarehe 30 Machi

Dada,

Mimi ni Mama Pacha, mpangaji wa baba yako, chumba cha mwisho. Tulionana ulipokuja likizo, wanangu wakakumalizia biskuti zako zote. Baba yako yuko hai. Naanza na hilo ili mengine uyasome umekaa. Amepona bila hata mchubuko, ila kalamu anaishika, anaitazama, anaiweka chini. Ndiyo maana naandika mimi.

Kinyozi hatunaye.

Siku ile walikuwa wamekaa kibandani wawili, baba yako na yeye. Baba yako akapanda nyumbani kuchukua mkasi wake, Kinyozi alimwambia atamnolea. Maji hayakuja kidogo kidogo, dada. Yalikuja na magogo. Sisi wa juu tuliyaona kabla, tukapiga kelele wote. Baba yako alikuwa keshaanza kushuka tena, mkasi mkononi. Nilimwita, "Mzee, rudi! Mzee!" Anashuka tu, taratibu, kama anakwenda sokoni. Nilimkimbilia nikamvuta shati mpaka likachanika mgongoni. Alipogeuka kunigombeza ndipo akayaona. Na Kinyozi tulimwona sote, alikuwa anaingiza kiti cha pili ndani. Alipatikana siku ya pili, mbali. Tumemzika jana.

Sasa nina jambo, na usinichukulie vibaya, mimi nilidhani unajua. Baba yako hasikii. Sisemi hasikii vizuri. Hasikii kabisa. Ni tangu ile homa ya mwaka jana, sikio moja lilianza, la pili likafuata baada ya likizo yako. Sisi tumezoea. Tunamgusa bega, tunasimama mbele yake, tunasema polepole naye anasoma midomo. Anapata nusu, nusu anajaza mwenyewe. Simu haikuangukia kwenye ndoo. Iko kabatini, chini ya vitambaa.

Jana baada ya maziko aliniletea barua zako zote nizisome. Akaweka kidole kwenye neno king'ora, akanitazama mdomoni. Nikamwambia, "Mzee, king'ora hakijalia tangu kabla ya mvua. Tulidhani wamekiondoa." Nilimrudia mara ya pili, maana nilidhani hajanielewa. Alinielewa. Alikaa pale pale kizingitini, na hakuinuka mpaka wanangu walipomletea chakula.

Chakula hakukila. Leo kanywa uji kidogo. Usishuke kwa miguu, daraja dogo la waenda kwa miguu limeondoka.

Mama Pacha


Bwawani
Jumatano, tarehe 3 Aprili

Baba,

Barua mbili za kabla ya hii nimezichana. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Nilikuuliza jambo moja. Sikukuuliza hali ya masikio yako, ungeweza kunificha hilo mpaka mwisho wa dunia nikakusamehe. Nilikuuliza kama king'ora kililia. Ungeandika "sijui", baba. Neno moja. Ningemshika meneja shati kwa neno hilo. Wewe ukaniletea mpaka kuku.

Nina hasira, na chini ya hasira kuna kitu kingine ambacho sijui nikiiteje. Miezi yote hii naongea na wewe, kwa simu kisha kwa barua, kuhusu kelele za feni na ngurumo za maji, na wewe unanijibu kama kawaida. Ulikuwa peke yako mle ndani. Mimi sikuona.

Nikueleze ya huku. Kamati ya watu watatu imetoka makao makuu kuchunguza. Siku ya kwanza tu wakaamuru seva isiguswe, ati ni ushahidi. Nikawaambia betri ya saa imekufa, nikawaeleza yote. Wakaandika. Kisha meneja akawaambia king'ora kilikuwa kinajaribiwa kila Alhamisi, na kuna mkazi wa bondeni aliyethibitisha kwa maandishi kwamba kinalia. Mkazi huyo ni wewe. Sasa kwenye rasimu yao wameandika kwamba marehemu alipuuza onyo. Mke wa Kinyozi atasomewa hivyo, kwamba mumewe alisikia akaona uvivu kuinuka.

Jumatatu asubuhi wote walikuwa kwenye chumba cha mikutano. Umeme ukakatika, ukarudi, mashine ikaenda kwenye mwaka wake. Nje maji yalikuwa yanagusa alama nyekundu. Nilijua wakitoka mkutanoni watafungua milango tena. Ningeweza kuisahihisha saa kwa mkono kama kawaida, lakini umeme ulikuwa unacheza kama taa ya disko, na katikati ya ile nusu saa lolote lingetokea. Kwa hiyo nilipiga picha skrini yenye tarehe mbovu, ili ushahidi wao ubaki. Nikanakili mipangilio yote, maana betri ikitoka mashine inasahau hata diski zake imeziweka wapi. Kisha nikaizima.

Nilitaka kukuandikia habari ya ukimya wa chumba kile feni ziliposimama. Nikakumbuka naandika kwa nani.

Nilichomoa nyaya zote mbili za umeme, nikaivuta nje ya kabati lake, nikafungua kifuniko. Vumbi kama unga. Betri ilikuwa imejificha nyuma ya kadi moja, ikabidi niitoe kadi kwanza. Huruhusiwi kuingiza chuma pale, kwa hiyo nilitumia mpini wa mswaki wangu. Nilibonyeza kibanio, betri ikaruka kama panzi ikaingia chini ya feni. Nikaitafuta kwa kucha. Nisingeweza kuiwasha mashine na kitu cha chuma kinazurura ndani. Nilipoipata nikaweka mpya, maandishi juu, ikalia "tik". Nikarudisha kila kitu, nikawasha.

Skrini ikaandika kwamba haioni diski.

Mlango ukafunguliwa. Meneja.

"Umefanya nini?"

"Nipe dakika chache."

"Binti, umefanya nini?"

Alikuwa hapigi kelele. Afadhali angepiga. Nilikuwa naingiza mipangilio kutoka kwenye karatasi, vidole vinakosea, nafuta, narudia. Yeye kasimama nyuma yangu, namsikia anapumua. Wanakamati wawili wakaja wakasimama naye. Nikahifadhi, nikawasha upya. Giza. Giza. Kisha maandishi yakaanza kushuka, na picha ya milango ikatokea, yote mitano.

Nikaweka tarehe na saa. Halafu nikaizima tena mbele yao, nikachomoa nyaya, meneja akashika kichwa. Nikazirudisha. Iliamka inajua ni Jumatatu.

Mchana walifungua mlango mmoja. Dereva alikuwa huko kwenu, anasema king'ora kililia mpaka akaziba masikio, watu wakapanda wote. Mimi sikuona, nilikuwa keshatolewa nje. Nimesimamishwa kazi kwa kugusa kilichokatazwa. Nalala bado kwenye nyumba ya kazi, ila funguo wamechukua.

Kamati inashuka bondeni Jumatano ijayo kumhoji yule mkazi. Mimi nitaapa kwa yale niliyoyaona kwenye mashine. Masikio ni yako. Sitakusemea, wala sitakulazimisha. Lakini usiniandikie tena kitu usichokijua.

Bisibisi


Bondeni
Ijumaa, tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu. Kila ulichosema ni sawa.

Unauliza bila kuuliza kwa nini nilificha. Mama yako alipotutoka ulitaka kunihamishia kwa shangazi yako, nikae kwenye kiti nitazame ukuta. Nilikushinda kwa maneno. Nilijua ukigundua sisikii, safari hii hutaniuliza. Na wateja, nani anampelekea kitambaa chake fundi anayepaswa kufokewa? Nikasema nitaficha kidogo, mpaka nizoee. Kuzoea kukageuka kuwa kazi yangu ya pili.

Alhamisi ile ya kwanza nilisimama uani kweli. Nilitazama saa, nikatazama juu, nikajiambia kimelia, kwa kuwa siku zote kimelia, kwa nini leo kisilie? Alhamisi ya pili roho haikutulia, nikamwendea Kinyozi nikamuuliza. Alikuwa ananyoa mtu. Aliinua uso akaitikia kwa kichwa, anacheka. Sijui kama alikuwa ananijibu mimi au yule mteja. Nawaza hilo kila siku nikilala. Kuku niliwaongeza mwenyewe.

Jumatatu ulipobadilisha betri nilikuwa mlangoni. Niliona watoto wa Mama Pacha wameziba masikio, na mama yao anawabeba kikwapani mmoja huku mmoja huku. Nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa unatetemeka. Nilipanda na wenzangu. Mke wa Kinyozi alikuwa mbele yetu, alisimama katikati ya njia akageuka kutazama mto, watu wakampita. Nadhani ndipo alipojua kwamba king'ora bado kipo, na siku ile kilipaswa kulia. Alikuwa hajausikia mlio huo muda mrefu, na sasa anausikia.

Sasa habari ya kamati. Walitukusanya kwenye darasa la shule, tukakalia madawati ya watoto, magoti yakitugusa videvu. Mwenyekiti ni mama wa makamo, mwenye miwani. Meneja wako alikaa pembeni. Waliniita mbele. Mama Pacha alitaka kuja kunisaidia, nikamzuia.

Mwenyekiti akasema kitu huku kainamia karatasi zake. Midomo sikuiona.

Nikasema, "Mama, sijasikia."

Akasema tena.

"Sijasikia."

Watu nyuma yangu wakacheka, nadhani, maana aliwatazama kwa ukali. Akainuka akanikaribia, akanionyesha barua yangu ya tarehe nane, mwandiko wangu, ile ya askari wa gwaride. Hapo nikasema, kwa sauti ambayo siijui ilikuwa kubwa kiasi gani:

"Hiyo nimeiandika mimi. Na hata ukirudia mara mia sitakusikia, mimi ni kiziwi. Niliandika king'ora kililia, na sikukisikia. Hakuna aliyenituma. Binti yangu aliniuliza ili awaonye, nami nikamdanganya. Mwenzangu Kinyozi hakupuuza kitu. Hakukuwa na kitu cha kupuuza."

Nilimtazama meneja wako. Sikuona hasira usoni kwake. Niliona mtu aliyetaka sana kuambiwa kwamba mambo ni mazuri, na mimi ndiye niliyemwambia. Alivua kofia akaishika mapajani, akainama.

Mke wa Kinyozi aliinuka akatoka. Nikamfuata. Sikusubiri waniruhusu. Nilimkuta kwake, mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa. Tumejuana tangu wewe hujazaliwa, nilimshonea nguo ya harusi yake. Alisema maneno mawili, akayasema polepole ili nisome: "Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njia nzima. Likatoka moja. "Aibu," nikamwambia.

Akafunga mlango.

Nilikwenda jana. Nimekwenda leo. Mlango umefungwa, viatu vyake viko nje, kwa hiyo najua yumo. Nabisha, nasimama. Na hapo ndipo ninaposhindwa, mwanangu. Sijui kama ndani anasema nipite, au anasema niondoke, au amenyamaza. Nasimama mpaka majirani waanze kunitazama, kisha narudi.

Niliyo nayo ndiyo hayo. Safari hii sijaongeza kitu.

Baba yako


Bwawani
Jumatatu, tarehe 15 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Kamati imeifuta ile sentensi. Wameandika king'ora hakikulia na sababu yake wameieleza. Meneja amesimamishwa. Mimi nimerudishwa na onyo kali, na funguo za chumba cha seva alinikabidhi yeye mwenyewe. Alizishika kidogo kabla ya kuziachia. Akasema, "Ningekupa ile saa moja." Nikamshukuru, akaenda kufunga virago vyake. Huko kwenu watamweka mlinzi wa king'ora kuanzia wiki hii, kijana mwenye masikio, nimewaambia wampime kwanza.

Sitakupeleka kwa shangazi. Ondoa hilo moyoni. Hasira bado ninayo, itakwisha siku yake, usiiharakishe. Simu iache kabatini, nitakuandikia.

Nimeomba ruhusa, nashuka Jumamosi na lori. Usiende tena kwa mke wa Kinyozi mpaka nifike. Tutakwenda pamoja. Wewe utabisha hodi, kwa kuwa ni wewe unayepaswa kubisha. Mimi nitasimama karibu yako nisikilize. Akisema tupite, nitakushika mkono tuingie. Akisema tuondoke, nitakuambia hivyo hivyo, sitapunguza neno, na tutarudi siku nyingine.

Na akinyamaza, nitakuambia amenyamaza.

Bisibisi